Utendi Hupita Nyumba kwa Nyumba

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mgonjwa na alijua kwamba hana muda mrefu. Mumewe, Bwana Mataka, sheikh wa Siyu aliyewapa masultani wa Zanzibar taabu kubwa, alikwisha kufariki. Binti yao, Mwana Hashima, alikuwa bado kijana. Mama akamtungia utendi. Ndani yake anamtaka binti asogee na wino na karatasi, kisha anamweleza namna ya kushika dini, kuchunga ulimi, kuwaheshimu watu, kutunza nyumba na kuishi na mume. Mwishoni dua inageuka kuwa ndefu na yenye uchungu, ya mwanamke anayewaombea watoto atakaowaacha.

Aliyeandikiwa alikuwa mtoto mmoja, lakini kabla ya kumaliza Mwana Kupona anawahimiza wanawake wote wausome na kuyafahamu maana yake. Ombi hilo lilipokelewa. Alice Werner na William Hichens walipoutoa kitabuni mwaka 1934, utendi huo ulikuwa umeshapita mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka sabini, kwa nakala za mkono na kwa vinywa vya wasomaji.

Hivyo ndivyo maandiko yalivyoishi katika miji ya Pate, Siyu, Faza, Amu (Lamu) na Mombasa. Mtu aliyependezwa na utendi hakuridhika kuusoma peke yake akaufungia sandukuni. Aliazima chuo (kitabu) cha mwenzake, akakinakili kwa hati za Kiarabu, akakirudisha, na nakala yake nayo ikaombwa na jirani. Kwa kuwa kila anayenakili ana lahaja yake, masikio yake na haraka zake, nakala za utendi mmoja hazilingani kamwe neno kwa neno. Wahariri wa baadaye walihangaishwa sana na tofauti hizo. Kwa wenyewe hazikuwa tatizo, maana utendi ulikuwa ukisikilizwa zaidi ya kutazamwa.

Ulighaniwa. Msomaji mwenye sauti nzuri alishika mahadhi, na wenzake waliokaa mkekani walisikiliza, wakaguna, wakasahihisha, wakaomba ubeti urudiwe. Asiyejua kusoma hakukosa chochote, kwani baada ya kusikia mara kadhaa alikuwa na beti nyingi moyoni. Kwa njia hii mashairi mazito kabisa ya Kiswahili, yanayozungumzia kifo, nafsi, uadilifu na ubatili wa mali, yaliwafikia mabaharia, washonaji na wanawake wa nyumbani sawasawa na yalivyowafikia masharifu. Haya ni mafanikio makubwa kwa jamii yoyote ile, na hayajasifiwa inavyostahili.

Sehemu ya wanawake katika kazi hii ilikuwa kubwa. John Allen, aliyekusanya miswada ya pwani kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliwakuta wanawake miongoni mwa wahifadhi wakuu wa tendi. Mwenye kumiliki chuo kizuri alikuwa na heshima mtaani. Aliitwa kusoma, na pengine ndiye aliyechagua kisomwe nini, na usiku gani.

Kipo kisa cha mnakili mmoja ambaye peke yake angetosha kuandikiwa kitabu. Muhamadi bin Abubakar Kijuma wa Amu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, alikuwa mchonga milango, mpiga gambusi, mtunzi, na mwenye hati ya kupendeza mno. Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann walimtegemea awanakilie tendi na mashairi, na miswada aliyoiandika leo imo katika maktaba za London na Ujerumani. Unapotajwa utendi wa Al-Inkishafi, watu humkumbuka mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na ni haki. Lakini huyo aliyekaa na kalamu, akapamba ukurasa na kuhakikisha kwamba beti zinafika mbali, naye ana sehemu yake katika kazi hiyo. Kwa utaratibu wa pwani kunakili ni ukarimu, na tena ni ibada.

Al-Inkishafi yenyewe inaonyesha kwa nini watu waliona haja ya kupeana maandiko ya aina hii. Mshairi anauhoji moyo wake: mbona hauamki, mbona umedanganyika na dunia? Halafu anauonyesha Pate, mji uliokuwa na majumba yenye taa, vyombo vya kaure katika zidaka za ukutani na wakubwa waliotembea kwa maringo, sasa popo wanaruka vyumbani na wadudu wanalia kwenye kumbi. Hakuna falsafa ya kubuni hapo. Msikilizaji wa Amu alizijua nyumba hizo zilizobomoka, na pengine babu zake walizaliwa humo. Fikra nzito ilikuja ikiwa imevaa ukuta wa jirani.

Baada ya kusoma, yalifuata mazungumzo, na mahali pake ni baraza. Katika miji ya mawe viti vya saruji au mawe vimejengwa mbele ya nyumba, na ndani ya mlango wa nyumba za Amu mna daka, kibaraza chenye viti pande mbili ambapo mgeni hukaa bila kuingia faraghani. Kahawa chungu inapita, na swali linaanza. Mtafiti wa Kijerumani Kai Kresse, aliyeishi Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa na kutoa kitabu chake mwaka 2007, aliyachukua mazungumzo hayo kuwa falsafa kamili. Mmoja wa aliowaandika ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye katika Utenzi wa Mtu ni Utu aliyakusanya mafunzo ambayo wazee walikuwa wakiyasema kila siku kuhusu wema, akayafikiri upya na kuyarudisha kwa watu wale wale. Utenzi huo ulitokana na baraza, na barazani ndipo ulipopimwa.

Uchapaji haukuiua desturi hii. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo yenye makala fupi za Kiswahili, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Aliandika juu ya elimu ya watoto, gharama za arusi, uvivu, mavazi, uhusiano wa Waislamu na wageni waliowatawala. Hakusita kuwakemea watu wake, na aliwakemea kwa lugha wanayoielewa. Makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi mwaka 1944, na kwa miaka mingi Waswahili wameendelea kuzirejea wanapobishana juu ya maisha yao.

Kisha ukaja ukanda wa kaseti. Katika kinyang'anyiro cha ubunge cha Lamu katikati ya miaka ya 1970, mashairi yaliyoitwa Kimwondo yalirekodiwa na kuzagaa mjini, kila upande ukijibu upande wa pili kwa beti. Kijana aliyevuma humo, Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Ustadh Mau, aliyezaliwa Amu mwaka 1952, baadaye akawa imamu wa Msikiti wa Pwani na mtunzi ambaye watu humwendea wakiwa na jambo linalowasumbua. Utungo wake Wasiya wa Mabanati unawaonya wasichana juu ya wanaume walaghai, na Ramani ya Maisha ya Ndowa unawaelekeza wanaooana. Wazee hawakuhitaji kuambiwa kwamba kazi hizo zimefuata njia ya Mwana Kupona. Zilisambaa kwa kaseti, na sasa husikilizwa kwenye simu.

Simu imeleta kasi, na imeleta pia hasara moja inayostahili kuzungumzwa. Watunzi wa zamani walikuwa na mazoea ya kufunga utendi kwa kutaja jina lao, mji wao, tarehe, na mara nyingi idadi ya beti, ili anayenakili asipunguze wala kupotosha. Mwana Kupona alifanya hivyo kwa kutaja mwaka 1275 wa Hijria. Kipande cha dakika mbili kinachorushwa kutoka simu hadi simu hakifiki kwenye beti hizo za mwisho, na shairi linabaki bila mwenyewe. Tena vijana wengi wa pwani wanaosoma Kurani vizuri hawajazoea kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa hiyo hata picha safi ya mswada wa Kijuma, inayoonekana bure kutoka London, huhitaji mzee wa kuisoma kwa sauti kijana akiandika kwa herufi za shuleni. Madrasa zinazofundisha hati hizo kila jioni zingeweza kuongeza ukurasa mmoja wa utendi katika somo, na kazi ya kunakili ingepata mikono mipya.