Kulala Ulaya kwa Bei ya Kawaida: Hesabu ya Msafiri Kutoka Mabira

Watu wa Mabira, Kaisho, Nkwenda na maeneo ya jirani mkoani Kagera hufika Ulaya kwa njia mbili zaidi ya nyingine: kanisa na kahawa. Dayosisi ya Karagwe ya KKKT ni mwanachama wa umoja wa makanisa unaojulikana kwa kifupi UEM, wenye makao makuu Wuppertal, Ujerumani, na kwa miaka mingi sharika za pande hizi mbili zimekuwa zikitembeleana. Upande wa kahawa, chama kikuu cha ushirika cha KDCU huuza kupitia mfumo wa Fairtrade, na shirika la kimataifa la Fairtrade lina ofisi zake Bonn. Wuppertal na Bonn zote ziko jirani na mji mkubwa wa Köln. Kutoka huku au kule, treni haimalizi saa nzima. Ndiyo maana mfano wangu mkubwa katika makala haya ni Köln, ingawa ninayoyasema yanafaa pia Berlin, Brussels au Amsterdam.

Wakati wa ziara yenyewe, malazi si shida. Mgeni hupokelewa stesheni na kupelekwa nyumbani kwa familia ya usharika rafiki. Kazi huanza ziara inapokwisha, pale mtu anapotaka siku mbili tatu zake mwenyewe: kuliona kanisa kuu la Köln, kupanda ile treni ya Wuppertal inayoning'inia juu ya mto tangu 1901, kumtembelea ndugu aliyehamia huko. Hapo ndipo anapofungua simu, anaona hoteli mia tatu, na anachagua ya bei ya chini kabisa.

Sababu ya kuchagua hivyo naielewa. Huku kwetu mgeni hapewi bei, hupewa kitanda. Novemba 1861 wasafiri kutoka Ulaya, Speke na Grant, walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika, na Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki Karagwe hadi Aprili 1862 akiwa mgeni wa mfalme huku mwenzake ametangulia Buganda. Desturi hiyo haijafa. Lakini inatuacha bila mazoezi ya kununua malazi, na hata gesti za kwetu hazitufundishi sana, kwa kuwa bei ya gesti ya Kayanga au Nkwenda ni moja tu: unaambiwa chumba cha kawaida kiasi gani na chumba cha self kiasi gani, unalipa, unapewa ufunguo. Bei ya hoteli ya Ulaya ina mikia, na mikia hiyo ndiyo inayowamaliza watu fedha.

Tufanye hesabu. Tuseme watu wawili wanataka kulala Köln usiku mmoja. Hoteli ya kwanza iko nje ya mji, pembeni ya barabara kuu, yuro 58 kwa chumba. Ya pili iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni kuu, yuro 84, chai ya asubuhi ikiwemo. Anayetazama tarakimu tu atakwenda kule kwa 58. Sasa ongeza nauli: watu wawili, kwenda na kurudi, tiketi moja yuro 5, jumla 20. Ongeza chai ya asubuhi, kwa sababu pembeni ya barabara kuu hakuna duka la mkate: yuro 14 kila mtu, jumla 28. Usiku wa yuro 58 umefika 106. Ule wa 84, ukiongeza kodi ya malazi ya mji wa Köln ambayo ni asilimia 5, hauvuki 89. Ni tofauti ya yuro 17 na ushee kila siku, na kwa siku tatu, tukichukua yuro moja kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, ni zaidi ya shilingi 150,000. Bado sijataja saa mbili za kila siku zinazopotea kituoni.

Kodi ya malazi isikupite hivihivi. Miji mingi ya Ulaya huitoza, na mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona simuni. Hudaiwi mpaka umefika mapokezi. Berlin iliipandisha hadi asilimia 7.5 mwanzoni mwa 2025. Amsterdam imefika asilimia 12.5 tangu 2024. Roma hutoza kiasi maalumu kwa kila kichwa kwa kila usiku, kulingana na daraja la hoteli, kwa hiyo familia ya watu watano huisikia kuliko msafiri wa peke yake. Uholanzi nayo imepandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye malazi kutoka asilimia 9 hadi 21 tangu Januari 2026. Ukilinganisha miji miwili, linganisha jumla ya mwisho, siyo bei ya tangazo.

Jambo jingine ni tarehe. Hoteli ileile, chumba kilekile, bei huweza kupanda mara mbili na zaidi kwa sababu ya maonyesho ya biashara ambayo wewe hata huyahitaji. Köln ina maonyesho makubwa ya vyakula, Anuga, kila mwezi wa Oktoba wa miaka isiyogawanyika kwa mbili. Nürnberg ina Biofach kila Februari, na hayo ni maonyesho yanayowahusu hasa watu wa kahawa hai. Kuna pia sherehe za Karnivali Köln, Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati mji unafurika watu. Wakulima wetu wengi hupenda kusafiri mavuno yakishapungua na malipo yakishaingia, yaani kuelekea Septemba na Oktoba, na hapo hugongana na maonyesho. Kabla hujapanga tarehe, andika jina la mji na neno maonyesho kwenye simu, utazame kalenda. Ukikuta umegongana nayo, sogea siku tatu mbele au lala mji wa jirani. Bonn ikijaa, Siegburg ipo. Köln ikijaa, Wuppertal ipo.

Sasa nije kwenye aina ya mahali, maana hapa ndipo ninapoona watu wa Kagera wakipita mbele ya mlango wanaoujua bila kuutambua. Kolping ni jina la kawaida kwetu. Makao ya Kolping Tanzania yako Bukoba. Adolph Kolping alizaliwa 1813 karibu na Köln, akawa fundi viatu kabla ya kuwa padri, na katika miaka hiyo ya ufundi aliona jinsi vijana waliokuwa wakizunguka kutafuta kazi walivyolala mahali pabaya. Mwaka 1849 alianzisha chama chake Köln, na nyumba za kuwalaza vijana hao zikafuata. Amezikwa palepale mjini, katika kanisa la Minoriten. Hadi leo nyumba na hoteli zenye jina la Kolping ziko katika miji mingi ya Ujerumani, na nyingi hupokea mgeni yeyote, awe Mkatoliki au la. Kwa ninavyozijua, ni vyumba visivyo na mapambo, safi, na watu wa mapokezi wana muda wa kukueleza njia. Vivyo hivyo kwa nyumba za CVJM, ndiyo YMCA ya Wajerumani.

Halafu kuna hosteli za vijana, ambazo Wajerumani huziita Jugendherberge. Mwalimu Richard Schirrmann alifungua ile ya kwanza ya kudumu mwaka 1912 ndani ya ngome ya Altena, si mbali na Wuppertal. Usihofu neno vijana. Mtu wa miaka hamsini anapokelewa, mradi awe na kadi ya uanachama. Ujue tu unachonunua: bei ni ya kitanda, siyo ya chumba, na vitanda ni vya ghorofa. Mtu wa peke yake anaokoa fedha nyingi. Wakiwa watatu au wanne wa kundi moja, mara nyingi chumba cha familia katika hoteli ya kawaida kinawapa bei ileile na faragha juu yake. Na mkiwa wawili msiolala kitanda kimoja, omba waziwazi vitanda viwili vilivyoachana, kwa maandishi, kabla ya kulipa.

Nyota zisikutawale. Ujerumani na nchi kadhaa za jirani hutumia utaratibu mmoja wa nyota tangu 2009, na kwa Ujerumani kujiunga ni hiari ya mwenye hoteli. Nyota huhesabu vitu: kama mapokezi hukaa wazi usiku kucha, kama kuna lifti, kama kuna meza ya kuandikia. Hazihesabu ukimya wa mtaa wala uungwana wa wahudumu. Kwa safari ya siku tatu, nyota mbili karibu na njia ya treni zinanitosha kuliko nne kando ya uwanja wa ndege. Majina nayo yatazamwe kwa ramani. Uwanja wa Frankfurt-Hahn uko kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt yenyewe. Hoteli zinajua kucheza mchezo huohuo na neno "katikati ya mji".

Maoni ya wageni waliotangulia yasome kwa kuanzia ya chini kabisa na ya miezi ya karibuni. Mtu mmoja akilalamikia kelele, huenda alikuwa na usiku mbaya. Watano wakitaja kelele, au harufu ya bomba, au chumba kisichopata joto, huo ni ushahidi. Kunguni wasomwe kwa makini. Mwaka 2023 Paris nzima ilikuwa ikiwazungumzia, na kunguni hachagui nyota. Ukifika, kabla hujafungua begi, inua shuka pembeni, pitisha jicho kwenye mishono ya godoro upande wa kichwani na nyuma ya ubao wa kitanda. Ukiona vidoadoa vyeusi, rudi mapokezi na begi lako mkononi. Begi lisiwe limegusa zulia.

Mengine hayatakuwa kwenye picha. Majengo ya zamani ya Amsterdam ni membamba na ngazi zake ni za mwinuko mkali. Mzee mwenye magoti mabovu akipangiwa ghorofa ya nne bila lifti, atashinda chumbani. Uliza. Choo cha pamoja kwenye korido hushusha bei, na kwa aliyezoea gesti si ajabu. Vyumba vingi vya bei ya chini Ujerumani havina kiyoyozi, jambo la kuwaza ukisafiri Julai. Maji ya bomba Ujerumani na Uholanzi yananyweka, kwa hiyo usinunue chupa kila saa. Na Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, isipokuwa machache yakiwemo ya kwenye stesheni kubwa. Mwenye chumba karibu na stesheni ya Köln atapata mkate siku hiyo, aliye pembeni atalala na njaa au alipe bei ya mgahawa.

Viza ya Schengen huja kabla ya yote haya, na ndiyo hubomoa hesabu za wengi. Ubalozi utataka uthibitisho wa mahali utakapolala kila usiku, bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000, na ada, ambayo kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Kwa hiyo buku chumba kinachoruhusu kufuta bila makato hadi siku moja au mbili kabla ya kufika, hata kama kinazidi kwa yuro tano. Kile cha bei poa kisichorudisha fedha usikiguse kabla pasipoti haijarudi na viza ndani. Wenyeji wakikulaza wiki ya kwanza, barua yao ya mwaliko itaje tarehe hizo, na hoteli ianze usiku ule wanaoishia, pasibaki usiku usio na mwenyewe.

Malipo: hoteli nyingi hutaka kadi, na nyingine huzuia kiasi fulani kwenye akaunti kama dhamana mpaka utoke. Nenda benki yako kabla ya safari, waifungulie kadi matumizi ya nje, na ubaki na akiba ya kutosha dhamana hiyo. Ujumbe wowote unaokuambia ulipe upya kupitia kiungo kingine, hata ukija na jina la hoteli, usiufuate. Piga simu mapokezi kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Ukifika utajaza fomu ya mgeni. Tangu Januari 2025 Mjerumani amesamehewa fomu hiyo kwao, mgeni wa nje bado anaijaza, na jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Aliyezoea kitabu cha wageni cha gesti, pale unapoandika ulikotoka, unakokwenda na hata kabila, ataona fomu hii ni fupi.

Usiku ninaouhesabu kuliko yote ni wa mwisho. Kutoka Mabira, Entebbe na Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam, na wengi hupanda huko ndege ya KLM kupitia Amsterdam au ya Brussels Airlines kupitia Brussels. Ukirudi kwa Amsterdam na ndege ni ya asubuhi, usilale katikati ya mji kwa bei ya katikati ya mji. Tafuta Leiden. Treni ya moja kwa moja hadi Schiphol ni dakika kama ishirini, na njia hiyo ina treni hata usiku wa manane, karibu moja kila saa. Chumba kiwe upande wa stesheni, ulipe kodi na kila kitu jioni unapoingia, uwaulize mapokezi kama mlango hufunguka kwa ndani saa kumi usiku, na begi ulipime huko huko hotelini ukiwa bado na nafasi ya kupunguza.