Leso Ikivuka Mpaka

Mtu akisema anakwenda kuishi ng'ambo, sisi huku Kibarani humtayarisha kwa mambo makubwa. Anayekwenda Uingereza huonywa juu ya baridi, na juu ya jua la Desemba linalozama kiasi cha saa kumi za alasiri. Anayekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani huonywa juu ya joto, juu ya lugha asiyoifahamu, na juu ya pasi yake ya kusafiria, kwamba asikubali ikawekwa na mtu mwingine. Lakini anayekwenda Tanga au Dar es Salaam haonywi lolote. Huambiwa tu, "Ah, huko si ugenini. Ni Kiswahili kitupu."

Mimi niliishi Dar es Salaam miaka minne, na ninathubutu kudai kwamba ugeni wa huko ni mgumu kuubaini kuliko ule wa London. Aliye London hujua tangu uwanja wa ndege kwamba yeye ni mgeni. Wenyeji pia hujua, nao humsamehe mengi. Aliyevuka Lunga Lunga na kuingia Horohoro hajui kama amegeuka mgeni, na akikosea hakuna anayedhani kwamba hakujua. Hudhaniwa kuwa ndivyo alivyo.

Tuanze na maneno, maana ndiyo yanayochekesha. Jirani yetu mmoja wa hapa Kibarani alimtembelea bintiye aliyeolewa Dar es Salaam. Siku ya kurudi ilipokaribia, alimwomba mkwewe ampeleke dukani akanunue leso sita za kuwapelekea wenzake. Kijana yule, mwenye adabu zake, akamwambia, "Haya mama, twende." Muuzaji akamtolea mama vitambaa sita vidogo vya kufutia jasho, vimekunjwa vizuri. Mama akadhani anafanyiwa mzaha na mkwewe! Kumbe leso yetu sisi, kwao huitwa kanga, na leso yao ndiyo hicho kitambaa cha mfukoni.

Nani aliye sahihi? Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, ambao kwao lina maana ya kitambaa cha namna hiyo hiyo cha mfukoni. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, kisha wakavishona sita pamoja kupata vazi moja. Kwa hesabu hiyo, yule muuzaji alimpa mama mkwe leso moja ambayo haijashonwa.

Maneno ya aina hii ni mengi. Karo yetu ni ada yao. Utingo au makanga wetu ni konda wao, na matatu yake ni daladala. Pesa huko huitwa pia hela, neno lililoachwa na sarafu ya Mjerumani. Mwanafunzi wa Kenya aliyefundishwa kwamba kompyuta ni tarakilishi na simu ya mkononi ni rununu atapata shida kidogo, kwani ametoka na maneno yaliyompatia alama katika mtihani, na sasa yuko mahali ambapo watu wazima waliosoma kwa Kiswahili tangu utotoni hawajui anazungumzia nini. Nimemwona kijana mmoja akilieleza neno rununu kwa mwenye duka kama mtu anayetoa kitendawili.

Haya yote ni mepesi. Msamiati hurekebishwa kwa juma moja. Kilicho kizito ni namna ya kusema, maana hiyo haimo katika kamusi.

Hapa Kilifi mtu huingia hotelini akasema, "Nipe chai na mahamri mawili," na hakuna aliyetukanwa. Dar es Salaam sentensi hiyo hiyo huanguka mezani kama jiwe. Huko husemwa, "Naomba chai." Tena kabla ya kuomba husalimu, na baada ya kusalimu huenda akaongeza samahani, ingawa hajamkosea mtu. Mkenya asikiapo "naomba" mara ya kwanza hustaajabu, kwa sababu katika fikra zake kuomba ni kazi ya ombaomba, ilhali yeye ana fedha zake mfukoni. Basi huendelea na "nipe" yake na "leta" yake, na jioni mwenyeji humsimulia mkewe kwamba Wakenya ni watu wakali. Mkali hakuwapo. Alikuwapo mtu mwenye njaa.

Sababu ya jambo hili, kwa maoni yangu, iko shuleni zaidi kuliko katika tabia za mataifa. Tangu mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mtoto wa huko alijifunza hesabu kwa Kiswahili, akakemewa kwa Kiswahili, akaombwa radhi kwa Kiswahili. Asubuhi mwalimu alipoingia darasani, darasa zima lilisimama likasema "Shikamoo mwalimu." Kwetu Kenya tulisimama tukasalimu kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa somo kama masomo mengine, na hata utahini wake wa lazima ulikuja na mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Hivyo Mkenya wa kawaida ana lugha ya kustahi ya kwao, ana Kiingereza cha kuombea radhi ofisini, na Kiswahili kimebaki katikati kikifanya kazi za sokoni na garini: kupunguza bei, kuamrisha, kuitana.

Msomaji wa pwani atanipinga hapa, na ana haki. Atasema sisi tuna shikamoo yetu, na mzee wa Kibarani hapitiwi njiani bila kuamkiwa. Ni kweli. Lakini nyumba nyingi za Kibarani huamkiana kwa Kigiriama au Kichonyi, na heshima yote iliyomo nyumbani humo husemwa kwa lugha hizo. Mtoto akitoka nje na kushika Kiswahili, huwa ameiacha adabu mlangoni pamoja na lugha yake. Si kwamba hana adabu. Hajafunzwa kuitafsiri.

Mambo ya nyumba yana shida ya namna nyingine. Mpangaji wa Kilifi amezoea kulipa kodi ya mwezi pamoja na amana ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam, aghalabu, hutaka miezi sita kwa mkupuo, na wengine hutaka mwaka mzima. Vijana kadhaa niliowafahamu walifika na fedha za mwezi mmoja, wakalala kwa jamaa hadi walipochokwa. Kisha ukishahamia, hutarajiwa ujulikane katika serikali ya mtaa, na siku utakapohitaji huduma fulani utaambiwa ulete barua ya utambulisho kutoka huko. Sisi humwendea chifu tukiwa na shida, au tukiitwa kwa sababu ya shida. Mwenzetu humwendea mwenyekiti wa mtaa ili ajulikane tu. Mkenya hudhani anachunguzwa. Fedha zenyewe sina haja ya kuzieleza kirefu: kwa miaka mingi ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya 15 za Tanzania, na mgeni hujiona tajiri kwa siku mbili, hadi atakapoulizwa nauli.

Wala nisieleweke kwamba nawatukuza majirani zetu. Upole wa maneno ni pazia zuri, na nyuma ya pazia huweza kufichwa lolote. Katika ofisi moja niliambiwa "tutaliangalia suala lako, usijali" kwa sauti tamu kiasi kwamba nilikwenda nyumbani nikifurahi. Wiki tatu baadaye rafiki yangu mwenyeji alinieleza kwa huruma kwamba lile lilikuwa ndilo jibu. Kule Kilifi karani angesema "hapana, haiwezekani" kabla hujaketi, nawe ungeondoka umekunja uso lakini na siku yako nzima mkononi. Katika hili mimi nasimama na karani wa Kilifi.

Mpaka hapa nimemtazama mtu wetu akienda kwao. Hebu tugeuze. Nao wakija kwetu huona nini? Huona watoto wanaosemezana Kiswahili barabarani, kisha wakanyamaza au wakageukia Kiingereza wanapoingia katika ua la shule. Huona watu wawili wakiwa na mgeni wa tatu, na katikati ya mazungumzo wakahamia lugha ya kwao bila kumwomba radhi. Na huona kwamba hapa kila jambo huanzia na kukomea kwenye kitambulisho.

Hili la kitambulisho silitaji kwa mzaha. Katika kaunti za Kilifi na Kwale wanaishi Wapemba, watu wa bahari, ambao baadhi ya familia zao zilifika ufukoni mwetu kabla ya uhuru wa mwaka 1963. Walivua, wakaoa na kuolewa, wakazaa. Hapakuwa na lugha ya kujifunza walipofika, maana Kiswahili ni chao cha kunyonya titi la mama, kuliko sisi wengi wa Kibarani tulioanza na lugha nyingine kabla ya kukifikia. Hata hivyo, kwa miongo mingi hawakuhesabiwa kuwa wa hapa. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti ya benki, na mvuvi wa namna hiyo hupata tabu kwenda baharini kwa leseni yake mwenyewe. Mtoto wake naye huanza safari ya shule akiwa na upungufu wa karatasi. Ni mwaka 2023 tu ambapo serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa moja ya jamii za nchi hii.

Jambo linalonishughulisha ni hili: lafudhi ya Pemba haifichiki. Mtu aliyekisema Kiswahili vizuri kuliko anayemhoji alitambulika kuwa mgeni kwa Kiswahili hicho hicho. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaodhani kwamba tofauti ndogo za maneno ni burudani ya kupitishia muda barazani. Dukani humletea mama mkwe vitambaa sita. Mbele ya dirisha la afisa, tofauti hizo zinaweza kumgharimu mtu maisha ya karatasi.

Hivi leo mpaka uko wazi kuliko ulivyopata kuwa. Tulishuhudia ukifungwa kabisa mwaka 1977, jumuiya ya zamani ilipovunjika, na ukabaki hivyo hadi mwaka 1983. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na vijana wetu huenda na kurudi. Lakini uwazi wa sheria hupanda na kushuka. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa orodha ya biashara 15 ndogo ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na vijana wa Kenya waliokuwa na shughuli huko walishtuka. Katika siku kama hizo, aliyejulikana mtaani na aliyezoea kusema "naomba" ana watu wa kumshauri. Aliyeishi miaka mitano akisema "leta" yuko peke yake.

Sasa niseme na walimu, maana hii ni kazi iliyo mikononi mwao. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa nje, na tangu hapo kalamu nyekundu imekuwa na nguvu kubwa kuliko masikio. Katika madarasa ya Kilifi wamo watoto wa Kipemba. Mmoja wao akiandika katika insha yake kwamba "nilikwenda skuli", kama wasemavyo Wazanzibari hadi leo, na kama walivyokuwa wakisema wazee wengi wa pwani yetu, mwalimu hulipiga mstari neno lile na kuandika juu yake "shule", neno la Mjerumani ambaye hakuwahi kuitawala Kilifi hata siku moja. Mtoto hupoteza nusu alama. Wenzake hucheka, na kesho yake huacha kunyosha mkono.