Prostaglandini, Kutoka Duka la Dawa la Mata hadi Wadi za Mulago

Mkulima wa Mata, katika nchi ya joto ielekeayo Ziwa Jipe upande wa Taveta, akiisha kushinda shambani ameinama hata mgongo ukamkaza, aghalabu hupitia duka la dawa jioni akanunua vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni, akavimeza baada ya chakula, na kabla hajalala akaona nafuu. Katika kata hiyo hiyo, mwanamke aliyekwisha kujifungua zahanati lakini damu ikakataa kukatika huwekewa na nesi vidonge vinne vidogo vya misoprostoli chini ya ulimi, na mji wa mimba uliokuwa umelegea ukajikaza, ukawa mgumu chini ya kiganja cha mkunga. Dawa hizi hazifanani kwa sura wala kwa matumizi, na wenye kuzitumia hawana sababu ya kudhani kuwa zina nasaba. Ilhali zote mbili zinashughulika na jamaa moja ya viini ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, zikitofautiana kwa jambo hili tu, kwamba ile ya mgongo huuzuia mwili usivitengeneze, na ile ya mzazi huviiga. Jamaa hiyo wataalamu huiita eikosanoidi, na zilizo mashuhuri kupita zote ndani yake ni prostaglandini.

Asili yake ni mafuta. Kila chembe hai ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta, na katika utando huo imehifadhiwa asidi ya arakidoni, mnyororo wenye atomi 20 za kaboni, ambao twaupata katika nyama na mayai, au mwili wenyewe huuunda kutokana na mafuta ya mimea. Maadamu chembe imo katika amani, asidi hiyo hutulia mahali pake; lakini chembe ikijeruhiwa, au ikivamiwa na vijidudu, au ikipokea amri ya homoni, kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi huikata asidi ile kutoka utandoni, na kimeng'enya cha pili, saiklooksijenasi, huipokea, huitia oksijeni, huukunja mnyororo wake ukafanya pete, na kutoa kiini mama ambacho kila kiungo hukigeuza kwa namna yake. Mwenye kulima kwa kumwagilia, kama walimavyo wengi wa Taveta kwa maji yashukayo kutoka Kilimanjaro, atalifahamu jambo hili upesi: mfereji mkuu ni mmoja, lakini kila shamba lina mlango wake, na maji yale yale huotesha migomba huku na mahindi kule.

Basi katika chembe sahani za damu kiini mama huwa thromboksani, inayoigandisha damu. Katika kuta za mishipa huwa prostasaiklini, inayoizuia isigande. Tumboni huwa prostaglandini E2, inayoamrisha ute ulinde ngozi ya ndani isichomwe na asidi. E2 hiyo hiyo katika figo huilegeza mishipa ili damu ipite, katika ubongo hupandisha joto la homa, na mahali palipoumia huzifanya neva zihisi maumivu kupita kiasi. Katika mji wa mimba, yeye pamoja na nduguye F2alfa huikaza misuli wakati wa uchungu. Viini hivi havitunzwi ghalani vikingoja siku ya haja. Hutengenezwa pale pale vitakiwapo, hufanya kazi kwa jirani, na damu ikipita mapafuni mara moja tu sehemu kubwa ya E2 na F2alfa huwa imekwisha kuvunjwa. Hali hii ya umri mfupi, kama tutakavyoona, iliwatesa sana matabibu walipotaka kuvifanya dawa.

Habari za kwanza zilipatikana New York mwaka 1930, ambapo matabibu wawili, Kurzrok na Lieb, waliona kwamba shahawa zikigusishwa kipande cha mji wa mimba hukifanya kikaze au kilegee. Miaka mitano baadaye Ulf von Euler wa Uswidi akakipa kiini kilichofanya hivyo jina la prostaglandini, kutokana na tezi dume (prosteti), akidhani kuwa ndiko kitokako, na jina likabaki ingawa baadaye ilidhihirika kuwa karibu kila kiungo cha mwili hukitengeneza. Wanafunzi wa elimu hiyo hiyo huko Uswidi, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, wakavitenga viini hivi kimoja kimoja na kuonyesha umbo la kila kimoja. Wakati huo wote aspirini ilikuwa ikimezwa duniani kote tangu mwisho wa karne ya 19, ikishusha homa na kutuliza viungo, na hapakuwa na mtu awezaye kueleza inafanyaje, hata mwaka 1971 John Vane, huko London, alipothibitisha kuwa kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kisitengeneze prostaglandini. Bergström, Samuelsson na Vane wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya utabibu mwaka 1982.

Na tukitazama kwa karibu namna aspirini inavyokizuia kimeng'enya, tutastaajabu. Saiklooksijenasi ina njia nyembamba ndefu iendayo hadi kiini chake, na asidi ya arakidoni haina budi kupita humo ndipo ifikiwe na oksijeni. Ibuprofeni huingia katika njia ile, hukaa kwa muda, kisha hutoka, na kazi ikaendelea. Aspirini haifanyi hivyo: hukatika sehemu yake ndogo ikashikamana moja kwa moja na asidi amino iitwayo serini iliyo ukutani mwa njia, na tangu hapo kimeng'enya kile hakifai tena mpaka mwili uunde kingine. Chembe nyingi za mwili huunda kingine kwa saa chache, lakini chembe sahani za damu hazina kiini cha kuziwezesha kuunda chochote kipya, kwa hiyo iliyoguswa na aspirini hubaki hivyo maisha yake yote, ambayo ni siku 7 hadi 10. Ndiyo sababu mgonjwa wa moyo hupewa aspirini kidogo tu, miligramu 75 kwa siku, wala si kwa ajili ya maumivu, bali damu yake isigande mahali pasipotakiwa.

Lakini mfereji mkuu ukizibwa, mashamba yote hukauka, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo wauza dawa wangepaswa kulisema kwa sauti kuliko wanavyolisema. Kidonge kilichomezwa kwa ajili ya mgongo hakijui kuwa mgongo ndio uliokusudiwa. Hushuka pia tumboni kikaondoa ulinzi wa ute, na mtu aliyekizoea wiki baada ya wiki huweza kuota vidonda vya tumbo, na pengine akatokwa damu bila kutanguliwa na maumivu yoyote. Huingia katika figo pia. Mtu aliyefanya kazi kutwa katika jua la Taveta, iwe katika mashamba ya katani au ya ndizi, jasho likamtoka asipate maji ya kutosha, figo zake huwa zinazitegemea prostaglandini ili damu iendelee kuzifikia; akimeza diklofenaki katika hali hiyo, na hasa ikiwa ni mzee au yu katika dawa za presha, hujiletea madhara ambayo hayasikiki siku ile wala mwezi ule. Nawasihi wakulima wanywe maji kwanza, na maumivu yasiyokwisha kwa siku chache wayapeleke kwa daktari wala si dukani.

Mintarafu homa, wazee wa Taveta waliokuwapo katika miaka ya 1950 wanaukumbuka mpango wa malaria wa Pare na Taveta, ambapo nyumba zilipulizwa dieldrini pande zote mbili za mpaka ili kuwaua mbu, kwa kuwa nchi ile ilikuwa na malaria nyingi mno. Vijidudu vya malaria vinapozipasua chembe za damu, mwili huamka, na E2 iliyotengenezwa ubongoni hupandisha joto. Dawa ya kushusha homa hulifunga shamba lile la ubongo. Vijidudu havina habari nayo, vyaendelea kuzaana. Mtoto aliyepoa joto hajapona malaria, na kila saa inayopotea kwa kufarijika na kipaji kilichopoa ni saa iliyotolewa kwa maradhi.

Ipo njia nyingine ambayo asidi ya arakidoni hupita, yenye kimeng'enya chake kiitwacho lipoksijenasi, nayo hutoa leukotrini, viini vinavyoyabana mapafu ya wenye pumu. Baadhi yao wakimeza aspirini, maji yaliyozuiwa mfereji wa kwanza huelekea wa pili, pumzi ikawakata ndani ya saa chache. Na kwa wenye pumu imetengenezwa montelukasti, inayozipinga leukotrini. Kadhalika, mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa kuwa saiklooksijenasi ni mbili, moja ya kulinda na moja ya kuchochea uvimbe, na makampuni yakatoa dawa za kuizuia ya pili peke yake. Mojawapo, rofekoksibu, iliondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya kuonekana kuwa yazidisha mshtuko wa moyo, kwa sababu ilikausha prostasaiklini ya mishipa na kuiacha thromboksani bila mpinzani.

Sasa nageukia sehemu ya habari hii iliyotendeka kwetu, ambayo nasikitika kuona haisomeshwi katika shule zetu. Katika miaka ya 1960 Chuo cha Makerere, Kampala, kilikuwa na mtaalamu wa elimu ya dawa aitwaye Sultan Karim, ambaye alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa prostaglandini zimo katika maji ya chupa ya mja mzito, na kwamba uchungu ukishika huongezeka. Wengine wangeliandika jambo hilo wakaliacha. Karim aliuliza kama viini hivyo ndivyo vinavyouleta uchungu, na kama ni hivyo, je, haiwezekani mwanamke ambaye mimba yake imefika na uchungu haujaja apewe kwa mkono wa tabibu? Mwaka 1968, pamoja na wenzake Trussell, Patel na Hillier, akachapisha katika British Medical Journal habari za wanawake waliotiwa F2alfa mshipani kwa matone katika wadi za hospitali ya Mulago, Kampala, uchungu ukashika, wakajifungua. Kutoka Kampala wakaendelea na E2, wakajaribu hata kuitoa kwa mdomo, na hospitali za Ulaya na Marekani zikafuata njia iliyofunguliwa hapo. Leo E2, kwa jina la dinoprostoni, hutumiwa ulimwenguni kuanzisha uchungu. Uganda ilipoingia katika misukosuko ya miaka ya 1970 na wataalamu wakatawanyika, Karim aliipeleka elimu yake Singapore.

Pamoja na ushindi ule, dawa za Kampala zilikuwa na taabu zake. Mapafu yalizivunja upesi, kwa hiyo ilibidi zitiwe matone kwa saa nyingi. Matumbo nayo yalikaza kama mji wa mimba ukazavyo, mgonjwa akatapika na kuharisha. Tena hazikuvumilia joto. Dawa iliyoyapunguza hayo ilitoka kwa watu waliokuwa wakishughulikia jambo jingine kabisa. Mwaka 1973 wanakemia wa kampuni ya Searle, huko Illinois, walichukua prostaglandini E1, wakahamisha kikundi kimoja cha oksijeni na hidrojeni kutoka kaboni ya 15 hadi ya 16, wakakizungushia methili ili vimeng'enya visiweze kukifikia upesi, wakapata misoprostoli, dawa ya kumezwa. Walikusudia kuyarudishia matumbo ulinzi ulioondolewa na dawa za maumivu. Wajawazito walikatazwa kuimeza kwa sababu huukaza mji wa mimba, na matabibu wa uzazi walipolisoma katazo lile wakaona ndani yake dawa waliyokuwa wakiitafuta.

Mtoto akizaliwa na kondo la nyuma likitoka, mishipa iliyokuwa ikipitisha nusu lita ya damu au zaidi kila dakika hubaki wazi, wala haina kizibo ila nyuzi za misuli ya mji wa mimba zinazopishana na kuibana. Misuli ikilegea, mwanamke mwenye siha anaweza kufa kabla ya saa mbili. Dawa ya kwanza ni sindano ya oksitosini, lakini yataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na si kila zahanati ina umeme usiokatika. Kwa hiyo utafiti uliofanywa Kigoma na Godfrey Mbaruku na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuwa na thamani kubwa: wakunga wa jadi walifundishwa kuwa kanga mbili zikilowa damu ni sawa na nusu lita, na hapo, bila kungoja, mzazi apewe misoprostoli. Waliohitaji kupelekwa hospitali wakapungua. Kanga kila nyumba inayo, na kwa kipimo hicho mkunga asiyejua kusoma aliweza kukata shauri sawasawa na daktari. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliiingiza misoprostoli katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kuzuia damu ya uzazi pasipopatikana oksitosini: mikrogramu 600 za kumeza mtoto akiisha kuzaliwa. Kwa damu iliyokwisha kuzidi hutolewa mikrogramu 800 chini ya ulimi.

Kwa mtu wa Mata hesabu hii ya saa mbili si ya vitabuni. Kutoka Taveta hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi iliyoko Voi ni zaidi ya kilomita 100, kupitia Maktau, Bura na Mwatate, na ijapokuwa barabara siku hizi ni ya lami, damu haingoji gari. Vidonge vile haviwi badala ya safari. Humpa mzazi muda wa kuimaliza. Wala visitolewe nyumbani kabla mtoto hajatoka, kwa maana mji wa mimba ukikazwa kwa nguvu ilhali mtoto angali ndani huweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Zaidi ya hayo, adui wa misoprostoli ni unyevu kuliko joto: vidonge vilivyofungwa katika alumini juu na chini hudumu, lakini vilivyofungwa kwa plastiki upande mmoja, au vilivyotolewa kimoja kimoja vikawekwa katika bahasha, hupoteza nguvu kabla ya tarehe iliyoandikwa, na nesi apokeaye shehena mpya anapaswa kuigeuza pakiti na kutazama pande zote mbili kabla ya kuitia kabatini.