Mfereji wa Kuingiza Kidole

Mtu akimaliza kuunganisha modeli yake ya kwanza ya ndege ya kivita ya Mustang P-51D katika skeli ya 1 kwa 72, swali analompelekea fundi mzoefu huwa lilelile: wino gani mweusi utaitoa vizuri mistari ya maungio ya mabati? Fundi hushusha pumzi. Wino wowote utaitoa. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya mistari hiyo, pamoja na ribiti zilizopangwa kandokando yake, haikuonekana kabisa kwenye bawa la ndege yenyewe.

Hesabu yake haihitaji shahada. Mfereji wa milimita 0.3 kwenye plastiki, ukizidishwa kwa 72, unakuwa milimita 21.6. Kidole kinaingia bila kugusa kingo! Hii ni ndege iliyofikia kilomita 700 kwa saa, na mtu anaamini ilipaa na mianya ya namna hiyo bawani. Kisha anaijaza wino mweusi, anasema modeli "imepata uhai". Imepata nyufa.

Mustang ndiyo mfano mbaya kuliko yote wa kufanyia mchezo huu. Bawa lake lilibuniwa ili hewa itelezee juu yake kwa utulivu, na kichwa cha ribiti kilichochomoza kingeuvuruga utulivu huo. Kwa hiyo kiwandani, takriban asilimia 40 ya upana wa bawa kuanzia ukingo wa mbele ilizibwa puti kwenye maungio na ribiti, ikapigwa msasa, kisha bawa likapakwa rangi ya fedha. Kiwiliwili kikaachwa alumini tupu. Yaliyobaki kuonekana wazi bawani ni machache: milango ya bunduki na ya risasi, vifuniko vya mafuta, na mianya ya aileroni na flapu, ambazo lazima zicheze. Anayegonga ribiti bawa zima kwa kigurudumu chake kipya cha kuchapia ribiti anaharibu kazi ambayo wafanyakazi wa kiwanda walitoka jasho kuifanya.

"Lakini nimeziona mwenyewe kwenye picha." Picha za lini? Mustang nyingi zinazorushwa leo kwenye maonyesho zimekarabatiwa, puti imetolewa na mabawa yamesuguliwa hadi yanang'aa kama sufuria mpya. Hayo ni mapenzi ya wenye ndege wa sasa. Shahidi ni picha ya 1944, ndege zilipokuwa bado vitani.

Zipo ndege zenye ribiti za kuonekana, DC-3 ikiwemo. Hata hapo, kichwa cha ribiti chenye upana wa milimita 6 kinabaki milimita 0.08 katika skeli hii, karibu unene wa unywele. Na anayeishika modeli sentimita 30 kutoka machoni ni sawa na aliyesimama mita 21.6 kutoka kwenye ndege. Kutoka huko, ungio lililobanwa vizuri huonekana kama kivuli chembamba, au halionekani.

Basi, kwa haraka. Mistari ya sehemu ya mbele ya bawa la Mustang, isipokuwa ya milango na vifuniko, izibwe puti nyembamba na kupigwa msasa. Mianya ya aileroni na flapu itiwe rangi iliyo giza kidogo kuliko ya bawa, nyeusi ikae koponi. Ukingo wa nyuma wa bawa ukwanguliwe kwa ndani kabla ya gundi, kwani nusu milimita pale ni milimita 36 za ndege. Waya wa antena usitengenezwe kwa mshipi wa kuvulia: mshipi wa milimita 0.2 ni zaidi ya milimita 14 ukikuzwa. Kijiti cha plastiki kilichopashwa moto juu ya mshumaa na kuvutwa hutoa uzi mwembamba zaidi, bure. Mtutu wa bunduki ukatwe kwenye sindano ya insulini isiyotumika, maana ina tundu tayari. Mikanda ya rubani itoke kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikunjwe ikiwa bado haijapakwa rangi.