Likizo ya Mfanyakazi na Mji Mdogo wa Kondoa

Kazi ni wajibu wa kila mwananchi, na neno hilo halihitaji kukaririwa mbele ya wanachama. Lakini jembe lisilorudishwa kwa mhunzi huishiwa makali, na mtu ni bora kuliko jembe. Ndiyo maana sheria ya ajira ya nchi yetu ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, na mshahara wake juu. Swali la leo ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulijibu: je, siku hizo 28 twazitumiaje?

Baadhi yetu huzimaliza katika misiba na kesi za viwanja. Wengine huketi kibarazani wakihesabu siku mpaka ziishe. Watoto nao, shule zikifungwa mwezi Juni au Desemba, hushinda uani wakigombana, na mama zao huona likizo kuwa ni mzigo mwingine juu ya mizigo. Mtoto wa karani wa Dodoma aweza kumaliza darasa la saba akiwa anajua majina ya miji mikubwa ya Ulaya, asijue kilichopo mwendo wa saa chache tu kaskazini mwa mlango wa kwao. Hiyo ni hasara, tena si hasara ya mtoto peke yake. Nchi isiyojulikana na watoto wake ni shamba lisilo na mlinzi.

Wako wenzetu waliolitatua jambo hili wakiwa si matajiri, na yafaa tuwatazame. Denmark ni nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya. Jina lake si geni kwetu, kwani ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizoshirikiana nasi tangu mwaka 1963 kuanzisha kituo cha elimu, afya na kilimo cha Kibaha. Mwaka 1938 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi likizo ya majuma mawili yenye malipo. Lakini viongozi wa wafanyakazi waliona mapema kwamba sheria pekee haitoshi. Mtu aliyepewa siku za kupumzika bila mahali pa kupumzikia ni kama aliyepewa sahani bila chakula. Mwaka ule ule ikaundwa jumuiya iitwayo Dansk Folke-Ferie, kazi yake kuwatafutia watu wa kipato kidogo mahali pa kukaa na jamaa zao kwa bei wanayoiweza.

Utazame pia mji wao mdogo wa Billund, katika rasi ya Jutland. Haukuwa na bandari wala madini. Mwaka 1932, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi duniani, seremala mmoja wa hapo, Ole Kirk Christiansen, alipokosa kazi za kawaida alianza kuchonga vitu vya watoto vya kuchezea. Kiwanda chake alikiita Lego, jina lililotokana na maneno mawili ya lugha yao yenye maana ya kucheza vizuri. Mwaka 1968 bustani ya michezo ya watoto ikafunguliwa kando ya kiwanda hicho, na tangu hapo jamaa kutoka nchi nyingi huenda kupumzika Billund na watoto wao. Hatusemi kwamba tuige vichezeo vyao. Tunalosema ni kwamba mji ule mdogo ulimhesabu mtoto kuwa mgeni kamili, nao ukaneemeka kwa sababu hiyo.

Sasa tugeuze macho kwetu. Kondoa iko kiasi cha kilometa 160 kaskazini mwa Dodoma, katika barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Zamani safari hiyo ilikuwa adhabu: vumbi wakati wa kiangazi, matope wakati wa masika. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na adhabu hiyo ikakoma. Naye mfanyakazi wa Dar es Salaam, tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, aweza kulala Dodoma na kesho yake kupanda basi la Kondoa.

Kondoa si mji wa anasa. Ni mji wa Warangi, mji wa misikiti na wa soko, wenye chemchemi yake, uliokuwa kituo cha misafara hata kabla ya utawala wa Wajerumani. Mtu mzima na mtoto wake wanaweza kuuzunguka kwa miguu. Katika miezi ya Juni na Julai hewa yake ni baridi na kavu, na mtoto atembeapo hachoki upesi. Mzee akiwaeleza wajukuu habari za mwaka 1916, jinsi majeshi ya Waingereza na Makaburu yalivyoutwaa mji huo mwezi Aprili, na jinsi Wajerumani walivyojaribu mwezi uliofuata kuurejesha wakashindwa, watoto watajua kwamba wageni walipigana vita vyao juu ya ardhi yetu, na kwamba askari na wapagazi Waafrika walikufa kwa ugomvi usiokuwa wao.

Lakini hazina kuu iko Kolo, mwendo mfupi kaskazini mwa mji. Huko, katika vilima vya mawe, yapo mapango na miamba iliyochorwa na watu wa kale waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na asali. Wamechora kwa rangi nyekundu tembo, twiga na pofu, pamoja na watu warefu wembamba. Baadaye wakaja watu wengine waliochora kwa rangi nyeupe. Mary Leakey aliifanyia michoro hiyo kazi ya kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 dunia nzima, kwa kauli ya UNESCO, iliiandika kuwa urithi wa binadamu wote. Wasandawe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haifanani na lugha za majirani zao, wangali wakiishi katika nyanda hizo hizo.

Mlima wa Mungumi wa Kolo wahitaji miguu imara, nao mtoto mdogo atabebwa mahali pengine. Hata hivyo malipo yake ni makubwa. Katika mwamba mmoja wapo watu wanaoonekana kumshika mmoja wao katikati, kila upande ukimvuta. Leakey alidhani ni mwanamke anayetekwa. Wataalamu wengine wanasema ni mambo ya ngoma na ibada. Mwachie mtoto aseme aonavyo yeye. Mtoto aliyebishana na baba yake mbele ya kazi ya mikono ya wahenga hataambiwa tena na mtu yeyote kwamba Afrika haikuwa na historia, akakubali.

Njiani kuna somo la pili. Milima ya Kondoa iliharibiwa na mmomonyoko hata makorongo yakawa kama majeraha. Mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika, jambo lililowauma wafugaji. Majani na miti vikarudi. Baba amwonyeshe mtoto makorongo na kijani kilichoyavika, na asimfiche kwamba uponyaji huo uligharimu ng'ombe wa watu.

Pamoja na hayo, michoro yenyewe imo hatarini. Wapo waliochimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu inayosemekana kufichwa na Wajerumani, na kwa tamaa hiyo wameharibu udongo wenye masalio ya kale. Mkono uandikao jina juu ya mwamba nao ni mharibifu vile vile. Hakuna askari atakayetosha kulinda mapango yaliyotawanyika katika eneo kubwa namna hiyo. Mlinzi wa kweli ni mwananchi anayeyajua na kuyapenda, na upendo huo hupandwa utotoni.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, vyama vya wafanyakazi visiishie kudai siku za likizo, bali vifuate njia ya Dansk Folke-Ferie: tawi lifungue mfuko wa akiba ya likizo, kila mwanachama aweke kidogo kila mwezi, kisha jamaa kumi au kumi na tano wakodi basi moja na kupatana bei na nyumba za wageni. Pili, miji midogo ijiandae kumpokea mtoto. Haihitaji ghorofa. Yahitaji choo safi, maji ya kunywa, kivuli, chakula cha bei ya haki na kijana wa mahali pale ajuaye kueleza habari za kwao. Fedha ya mgeni ikimfikia mama ntilie na kijana huyo, nao watakuwa wa kwanza kumfukuza mchimba dhahabu. Tatu, mzazi asingoje utajiri. Siku tatu kati ya 28 zatosha.

Wahenga walisema, tembea uone. Hawakusema tembea mbali. Kondoa iko karibu, na mwezi Juni watoto watakuwa nyumbani. Basi, ndugu mfanyakazi, ukijaza fomu yako ya likizo, amua siku hiyo hiyo utakapowapeleka.