Kuchagua Seva ya Stakabadhi za Mizani: Yaliyopimwa na Sababu Zake



Katika mkutano wa makatibu uliotangulia msimu huu, maswali mawili yalirudiwa kuliko yote. La kwanza, kwa nini Chama Kikuu hakikununua programu iliyo tayari kwa ajili ya kupokea hesabu za mizani kutoka vyama vya msingi. La pili, ikiwa programu iliyochaguliwa hutolewa bila malipo, ni nani atakayewajibika itakapokwama siku ya malipo. Maswali haya ni ya haki, na yanastahili majibu ya maandishi ambayo kila katibu aweza kuwasomea wanachama wake.

Wazee wa halmashauri hawajasahau yaliyotupata kwa programu ya kununua. Muuzaji aliileta, akaifunga kwa ufunguo wa mwaka mmoja mmoja, kisha akaacha biashara hiyo katikati ya msimu. Ufunguo ulipokwisha muda, hesabu za misimu mitatu zilibaki ndani ya kompyuta yetu wenyewe na sisi hatuna njia ya kuzifungua. Makarani walikaa majuma mengi wakinakili upya kutoka kwenye nakala za stakabadhi, zile zilizosalimika na panya na mvua, na malipo ya pili yakachelewa. Mkulima aliyeleta kahawa yake hakuwa na kosa lolote, lakini ndiye aliyeumia. Kwa sababu hiyo kamati ilipokabidhiwa kazi hii upya iliagizwa jambo moja kabla ya mengine yote: tusiingie tena katika nyumba isiyo na mlango wa kutokea.

Yafaa kwanza ieleweke kazi yenyewe ni ipi. Katibu akiwa kwenye kituo cha kununulia hufungua simu au kompyuta, akaandika namba ya mwanachama, kilo na daraja la kahawa, kisha akatuma. Huku Chama Kikuu hapana budi iwepo programu inayosikiliza wakati wote, ipokee ombi hilo, ilikabidhi kwa programu yetu ya hesabu, na irudishe jibu kwamba limeandikwa. Programu hiyo ya kusikiliza na kupokea ndiyo iitwayo seva ya wavuti. Programu ya hesabu imeandikwa na mafundi wetu kwa lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Lakini kazi ya kusikiliza imekwisha kuandikwa na wengine mara nyingi, tena kwa uangalifu kuliko tungeweza sisi. Mafundi huita kazi kama hiyo maktaba, yaani kifurushi cha programu kilichokwisha jaribiwa, ambacho mtu hukichukua na kukiunga na programu yake mwenyewe.

Maktaba tulizozipima zote ni za chanzo huria. Maana yake ni kwamba maandishi ya programu yako wazi, kila mtu aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia katika kazi yake, kwa masharti ya leseni. Wenzetu wamezoea kusema kuwa jambo hili ni ushirika wa mafundi. Kwa sehemu ni kweli, maana vitabu viko wazi kwa ukaguzi. Lakini msidanganyike na mfano huo: hakuna mkutano mkuu ambamo twaweza kusimama na kudai, na leseni zenyewe husema waziwazi kwamba kitu hutolewa kama kilivyo, bila dhamana. Basi jibu la swali la pili ni fupi. Atakayewajibika ni Chama Kikuu.

Mlango wa kutokea tuliupata katika mapatano yaitwayo WSGI, yaliyoandikwa mwaka 2003 na kurekebishwa mwaka 2010. Mapatano hayo hueleza namna seva iliyoandikwa kwa Python inavyokabidhiana kazi na programu iliyo nyuma yake. Ni kama gunia la kipimo kimoja ambalo kila ghala hulipokea. Kwa kuwa programu yetu ya hesabu inafuata mapatano haya, seva yaweza kubadilishwa kwa kazi ya siku moja au mbili bila kugusa hesabu za mwanachama hata mmoja. Maktaba yoyote iliyotaka tuandike hesabu zetu kwa namna yake pekee tuliiweka kando, hata kama ilisifiwa.

Nyingine ziliondoka upesi. Python yenyewe huja na seva ndogo ndani yake, lakini maelezo yake rasmi yanaonya kwamba haifai kwa kazi halisi, kwa kuwa ulinzi wake ni wa msingi tu. Seva ya majaribio inayokuja na Flask huchapa onyo la namna hiyo kila inapowashwa, na inashangaza jinsi watu wanavyolisoma onyo hilo na kuendelea. Seva ya uWSGI ni mtambo wenye nguvu, lakini watunzaji wake wamekwisha kutangaza kwamba sasa wanarekebisha kasoro tu, wala hawaiendelezi.

Kisha yalikuja maneno ya kasi. Mwaka 2017 maktaba iitwayo Japronto ilipata sifa kwa madai ya kujibu maombi milioni moja kwa sekunde. Ilikuwa bado katika hatua ya majaribio, na haikuendelezwa kwa muda mrefu. Sisi tulipiga hesabu yetu wenyewe. Tuseme vyama 60, kila kimoja kitume stakabadhi 40 siku ya mizani. Jumla ni 2,400. Zikigawanywa kwa saa 8 ni stakabadhi 5 kwa dakika. Hata makatibu wote wakingoja na kutuma katika nusu saa ya mwisho, kama tunavyofahamiana, ni 80 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya moja kwa sekunde. Kasi haikuwa shida yetu hata kidogo, na muda uliotumika kubishana juu yake ungetumika vizuri zaidi mahali pengine.

Shida yetu ni mtandao mbovu, na hapa ndipo kamati ilipokaa kwa muda mrefu zaidi. Zilibaki maktaba mbili, Gunicorn na Waitress, zote mbili za heshima. Gunicorn hufanya kazi kwa kugawa watumishi. Katika mpangilio wake wa kawaida kila mtumishi hushughulika na ombi moja hadi liishe. Sasa fikirini chama kilicho mlimani ambako simu hupata mtandao kwa kubahatisha. Ombi la katibu huanza kufika, herufi chache, likasimama, likaja tena kidogo. Mtumishi aliyelipokea hukaa akilingojea, na walio nyuma hungoja pia. Tulijaribu kwenye kompyuta ya kuazima tukiwa na watumishi wawili: simu mbili zilizotuma polepole kwa makusudi zilitosha kuwasimamisha wengine wote. Tena, mtumishi anayekaa kimya zaidi ya sekunde 30 husimamishwa na mwingine kuwekwa mahali pake, na ombi la yule katibu wa mlimani hupotea. Watunzi wa Gunicorn hawakulificha jambo hili. Wao wenyewe husisitiza kwamba mbele yake iwekwe seva nyingine, kama Nginx, ya kupokea polepole na kuikabidhi ombi likiwa kamili.

Waitress ina mpango mwingine. Anayesimama langoni ni mmoja tu, lakini hamngoji mtu. Huyu akileta nusu ya ombi, hulipokea na kuliweka pembeni, akamgeukia mwingine. Mpaka ombi litimie ndipo hulipeleka ndani kwa watendaji, ambao kwa kawaida ni wanne. Jibu nalo huwekwa pembeni na kutolewa kadiri mtandao wa mpokeaji unavyoruhusu, huku mtendaji akiendelea na kazi nyingine. Ni desturi ya karani mzuri wa mizani: gunia ambalo halijashonwa halipandishwi kwenye mizani, bali mwenyewe huambiwa alimalize pale kando, na foleni ikaendelea. Tulipotuma maombi kumi ya polepole kwa Waitress, mengine yote yalipita kama kawaida.

Jambo la pili lililoamua ni kompyuta tuliyo nayo. Kompyuta ya ofisi inatumia Windows kwa sababu ya programu ya uhasibu, na Gunicorn haifanyi kazi kwenye Windows. Waitress hufanya kazi huko na kwenye Linux pia. Tena imeandikwa yote kwa Python, wala haihitaji kifurushi kingine cha nje, kwa hiyo toleo zima hubebwa kwenye flashi na kuwekwa hata siku ambayo intaneti ya ofisi imekatika. Lazima tuseme kwa haki kwamba kama tungekuwa na kompyuta ya Linux na fundi wa kudumu, Gunicorn nyuma ya Nginx ingekuwa chaguo zuri, na mjumbe mmoja wa kamati bado anaishikilia hoja hiyo.

Tulichunguza pia watunzaji. Katibu asiye fundi aweza kudhani kuwa maktaba nzuri ni ile isiyowahi kupatikana na kasoro. Mara nyingi hiyo ni ile ambayo hakuna aliyeikagua. Waitress ilikutwa na kasoro mwaka 2019 na tena mwaka 2022 katika namna ya kutambua ombi moja linaishia wapi. Hatari yake ni hii: ikiwa kuna wapokeaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa mbele anasoma kwamba barua imekwisha wakati wa nyuma anasoma kwamba bado, mtu mwovu aweza kuficha barua ya pili ndani ya ile ya kwanza, nayo ikapita bila kukaguliwa. Mwaka 2024 zilirekebishwa kasoro nyingine, mojawapo ikiwa ya kuweza kuichosha kompyuta. Gunicorn nayo ilirekebisha kasoro ya jamii hiyo ya barua iliyofichwa mwaka 2024. Tulichotazama ni kama kasoro zilitangazwa waziwazi na marekebisho yakatolewa, nasi tukaridhika. Tuliona pia kwamba sehemu ya Python iitwayo asyncore, ambayo Waitress iliitegemea, ilipoondolewa katika Python 3.12 mwaka 2023, watunzaji walikuwa wamekwisha kujiwekea nakala yao ndani ya maktaba. Hao ni watu wanaoutazama msimu ujao.

Gharama zipo, na halmashauri imeombwa iziingize katika makisio. Waitress haiwezi yenyewe kuyafunga maneno njiani ili yasisomwe na mwingine, kwa hiyo mbele yake lazima iwepo seva ya kufanya kazi hiyo. Bila hiyo, nenosiri la katibu husafiri wazi. Kwa kawaida huruhusu ombi moja kuwa na ukubwa wa hadi gigabaiti moja, kiasi kisicho na maana kwa stakabadhi, nasi tumekishusha sana. Hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja, idadi inayotutosha. Maombi yanapoanza kurundikana huandika onyo kwenye kumbukumbu zake kwamba foleni imefikia kiasi fulani, na fundi wa zamu ameagizwa kuzisoma kumbukumbu hizo kila asubuhi ya siku ya mizani. Linahitajika pia fungu la kompyuta ya akiba. Toleo tulilolipima limeandikwa kwa namba yake kamili, na halitabadilishwa katikati ya msimu isipokuwa kwa kasoro ya usalama. Fundi ataandika jina la kifurushi kwa uangalifu anapokipakua, maana wapo waovu wanaoweka katika hazina ya PyPI vifurushi vyenye majina yanayokaribiana na yale ya kweli, wakingoja mtu akosee herufi moja.

Jaribio la vyama vyote litafanyika kabla ya mizani kufunguliwa. Kila katibu atatuma stakabadhi tano za mfano kutoka kituo chake cha kununulia, si kutoka mjini, na ataandika katika daftari saa aliyotuma na saa aliyopata jibu. Jibu lisiporudi, atume tena kwa namba ile ile ya stakabadhi. Programu ya hesabu haiandiki namba moja mara mbili, lakini katibu akibadili namba, mwanachama ataonekana ameleta kahawa mara mbili, na kazi ya kuliondoa kosa hilo itakuwa ya mkaguzi. Makatibu wa vyama visivyopata mtandao kabisa wapeleke madaftari yao kwa afisa wa eneo ili siku za kuwapelekea mjumbe zipangwe. Stakabadhi za karatasi zitaendelea kuandikwa msimu mzima kwa nakala mbili kama kawaida, na nakala ya pili ibaki chamani, mahali pakavu.