Runinga Ikishazimwa: Waliyotuambia Watazamaji wa Kitale na Bungoma



Likizo iliyopita tulikuwa bara, Kitale na Bungoma, kuwazuru jamaa ambao wengi wetu huku Pwani twawajua kwa salamu za simu tu. Safari ilikuwa ya kuunga udugu, wala hatukukusudia kuandika habari za filamu. Lakini katika kila nyumba tuliyoingia tulikuta kuna filamu iliyokwisha kutazamwa au inayongojewa kutazamwa, na runinga ilipozimwa ndipo watu walipofungua vinywa. Tuliyoyasikia yalitufanya tuone kwamba tusipoyaandika tutakuwa tumewanyima wasomaji jambo. Waliosema hawakusema ili wajulikane, kwa hiyo majina yao tumeyahifadhi.

Kitale kuna baridi. Mji uko juu, yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na jua likishatua mgeni wa Mombasa hutafuta sweta hata kabla ya kutafuta chakula. Usiku wa pili, baada ya sala ya isha, tulikuwa wanawake tisa katika chumba kimoja, pamoja na wasichana watatu, na katikati yetu sinia la mahindi ya kuchemsha na birika la chai ya tangawizi. Kijana wa nyumba akatuwekea filamu iitwayo Nawi, kisha akatoka, kwa kuwa aliona chumba kimejaa mama zake.

Filamu hii ya Kenya ilitoka mwaka 2024, na ndiyo nchi yetu iliyoipeleka kuwania tuzo za Oscar katika kundi la filamu za kimataifa. Wakurugenzi wake ni wanne, miongoni mwao Vallentine Chelluget na Apuu Mourine, na hadithi ni ya Milcah Cherotich. Yasimuliwa habari ya msichana wa Turkana mwenye miaka 13, hodari wa masomo, atamaniye kwenda shule ya sekondari. Baba yake amwoza kwa mtu mzima, na mahari yatajwa waziwazi: kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Msichana akimbia. Yaliyompata baadaye hatutayasimulia, ili atakayeitazama asije akatulaumu. Anayeigiza nafasi ya Nawi ni Michelle Lemuya Ikeny, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya mwigizaji chipukizi katika tuzo za filamu za Afrika, AMAA, mwaka huohuo.

Kwa mtazamaji wa Lamu au Malindi, Turkana ni mbali. Kwa watu wa Kitale si mbali hata kidogo. Barabara ya kwenda Lodwar hupita kwao. Malori ya chakula yapandayo kaskazini hujazwa mbele ya maduka yao, na Waturkana ni majirani na wateja wao. Kwa hiyo hawakuitazama filamu ile kama watu watazamao nchi ngeni. Mmoja alimtambua mama auzaye makaa katika sura ya mwigizaji fulani, na chumba kizima kikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli wanafanana.

Kicheko kilipokwisha, bibi wa nyumba ndiye aliyesema kwanza, na alisema tusilolitarajia. Alimtetea baba. Alieleza kwamba watu wengi wanaoitazama filamu ile wataona mzee katili anayemuuza mwanawe, lakini yeye ameona mtu mwenye njaa. Alituuliza nani kati yetu amewahi kuona mbuzi akifa kwa kiu, tena si mmoja, zizi zima. Hakuna aliyejibu. Akasema mwaka wa ukame baba hupimwa kwa kilichobaki zizini, na mbuzi 100 ni uhai wa watoto wengine wote. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe aliozwa kabla hajafikia umri wa binti yule, na kwamba hakuuzwa. Aliozwa kwa heshima. Sauti yake hapo ilipungua kidogo.

Wifi yetu alimjibu kwa adabu, lakini hakumwachia. Alikumbusha kwamba njaa ya baba haikumalizwa na ng'ombe wake wala ngamia wake. Imemalizwa na mtoto. Mwalimu wa shule aliyekuwapo akasema sheria haina shaka katika jambo hili, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18, naye bibi akamwambia kwamba sheria haikuwapo alipokuwa akichota maji mtoni. Sisi wageni tulinyamaza. Ni vigumu kumhukumu mzee nyumbani kwake, huku ukila mahindi yake.

Ustadha wa madrasa ya mtaani ndiye aliyeyageuza mazungumzo. Alisema kilichomuudhi katika filamu ni hesabu ile ya mifugo, kwa kuwa yote ilikwenda kwa baba. Katika dini, alisema, mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe; Sura An-Nisaa yaamrisha wanawake wapewe mahari yao, haikusema wapewe baba zao. Hapo palisikika sauti za kuafiki pande zote, na tulidhani neno limefungwa. Kumbe mama mmoja aliyeolewa Kitale kutoka Kisauni alikuwa na lake. Alituuliza sisi wa Pwani, tena akitutazama usoni, kilemba cha baba ni nini? Mkaja wa mama ni nini? Akataja na ng'ombe wanaodaiwa na jamaa zake wa upande wa mumewe, Wabukusu, hata kama wote ni Waislamu. Akasema yeye hamcheki baba yake Nawi, kwa sababu kilemba chake kilicheleweshwa na arusi nusura ivunjike. Tulicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi.

Sasa yafaa tueleze jambo ambalo kila mtu mle chumbani alilijua isipokuwa sisi, nasi tuliambiwa jikoni baadaye. Mmoja wa wale wasichana watatu, binti wa miaka 16 wa kidato cha tatu, alikuwa ameposwa. Mposaji ni mfanyabiashara wa Eldoret, mtu mwema kwa maelezo ya wote, na mjumbe alikuwa amekuja mara mbili. Baba hakuwa amekubali wala kukataa. Mama alikuwa hapendi, ila hakuwa amepata pa kulisemea. Kwa wiki tatu jambo lile lilikuwa likizungukwa nyumbani kama shimo lililo uani.

Basi ustadha, ambaye yaelekea alijua alifanyalo, akaendelea kueleza habari ya idhini ya mwanamwali, kwamba huulizwa, na kwamba kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ndio, kwa kuwa huona haya. Ndipo binti yule, ambaye tangu jioni hakuwa amesema zaidi ya kukaribisha watu chai, akasema kwa sauti ndogo kwamba darasani mwalimu akiuliza kama wameelewa, wote hunyamaza, na si kwa sababu wameelewa.

Hakuna aliyejibu. Bibi alitazama mikono yake. Mama wa binti aliinama kuokota magunzi ya mahindi yaliyokuwa hayajaanguka. Tulipoinua macho tukamwona baba wa nyumba amesimama mlangoni, amekuja kuchukua chaja yake. Alikuwapo tangu lini hatujui. Aliuliza kama chai ingaliko, akaambiwa imepoa, akaenda zake.

Siku mbili baadaye tulishuka Bungoma kwa matatu, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Njiani jirani yetu kitini, mzee wa makamo, alitusimulia filamu aipendayo kuliko zote, The First Grader ya mwaka 2010, na hasa kwa sababu aliyeigiza mzee Kimani Maruge ni Oliver Litondo, ambaye alimzoea kumwona kwenye runinga zamani. Maruge halisi aliingia darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84, katika shule ya msingi iliyoko Eldoret, mwaka mmoja tu baada ya elimu ya msingi kufanywa bure. Mzee wetu alisema mama yake mzazi alijifunza kusoma katika darasa la gumbaru, na kwamba alipoitazama filamu ile alilia mbele ya wanawe, jambo ambalo hajalifanya hata msibani. Kisha akashuka Misikhu bila kuaga.

Bungoma mambo ni mengine. Huko ni kawaida ndugu wa tumbo moja kugawanyika, huyu msikitini na yule kanisani, na kwenye Idi na Krismasi vyungu ni vilevile. Nyumba tuliyofikia ni ya namna hiyo. Tulitazama Watu Wote, filamu fupi ya dakika 22 ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani, iliyofika hadi kuwania Oscar mwaka 2018. Yatokana na tukio la kweli la tarehe 21 Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposimamishwa na magaidi, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, basi jingine la Mandera lilisimamishwa, na watu 28 wasio Waislamu wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo. Katika basi la pili wanawake waliwavisha wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi, na akafariki mwezi uliofuata. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mhusika mkuu ni Jua, mwanamke Mkristo anayesafiri kati ya Waislamu bila kuwaamini. Shemeji wa nyumba, ambaye ni Mkristo, alisema jambo la kweli ambalo si rahisi kulisema mbele ya wageni waliovaa buibui: kwamba ile hofu ya Jua mwanzoni mwa safari anaijua, kwa kuwa baada ya habari za mwaka 2014 naye aliwahi kushuka kwenye matatu akapanda nyingine. Alisema hili huku akimtazama wifi yake Mwislamu, ambaye humlelea watoto akienda sokoni. Wifi yake hakukasirika. Lakini naye alikuwa na lalamiko lake, na sisi twaliona kuwa na uzito kuliko yote tuliyoyasikia safari ile. Alisema filamu ni nzuri na amelia, ila amechoka kuona kwamba Mwislamu mwema lazima apigwe risasi ndipo asadikiwe. Yeye angependa filamu ya mwanamke Mwislamu anayelea watoto wa mkwewe miaka kumi, na hakuna anayekufa.

Shemeji alisema hiyo nani angeitazama. Wakacheka wote wawili, wakaenda kuinua sufuria.

Vijana wa kiume hawakuwa na sisi. Wao huenda kwenye vibanda vya video, ambako filamu za mapigano na za Kihindi husimuliwa kwa sauti ya DJ Afro, au, kwa kuwa Uganda ni pua na mdomo, kwa Kiganda cha watafsiri waitwao VJ. Mama zao hawapendi lugha ya huko, na hatuwalaumu; alama za umri ziwekwazo na Bodi ya Uainishaji wa Filamu hazisomwi na mtu kibandani. Hata hivyo tulimsikia kijana mmoja akiwasimulia wadogo zake filamu nzima uani, kwa sauti zote, farasi na bastola, na tulikaa kumsikiliza hadi mwisho.

Wanaume wa baraza la kahawa nao wako katika Ertuğrul, tamthilia ya Kituruki iliyoanza mwaka 2014 ikadumu misimu mitano. Wanaisifu kwa ushujaa na adabu. Wake zao husema ushujaa huo umewachelewesha jamaa sala ya isha mara nyingi mno. Mzee mmoja tu hakukubaliana nao. Kwake hakuna kilichoishinda The Message ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, kwa sababu Mtume, rehema na amani zimshukie, haonyeshwi wala sauti yake haisikiki humo, na bado mtazamaji huhisi yupo. Alisema ameiona mara sita na angali hajaizoea.

Tuliporudi Mombasa tulipiga simu Kitale kuwajulisha tumefika salama. Mama wa yule binti alipokea. Baada ya salamu alisema, kama mtu atajaye bei ya unga, kwamba baba amemwita mjumbe akamwambia binti atamaliza kidato cha nne kwanza, na akimaliza ataulizwa yeye. Bibi hajasema kitu, ila asubuhi ile alikuwa ametoa shuka yake nzito kabatini akampa mjukuu aende nayo bwenini, shule ilipokuwa ikifunguliwa. Kisha simu ikachukuliwa na binti mwenyewe. Aliuliza lini tutakwenda tena, na akaomba tukienda tuchukue filamu ya kuchekesha.